Baa ya jirani ina leseni? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu rekodi za leseni za pombe Nairobi

Maswali haya huulizwa na wapangaji wasiolala, walimu wakuu, waandishi wa habari, na hata wenye baa wenyewe. Majibu mengi yanarudi pale pale: andika. Ukiuliza kwa mdomo utajibiwa kwa mdomo, na neno la mdomo halina muhuri wala tarehe.

Nani hasa hutoa leseni ya kuuza pombe Nairobi?

Kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka leseni za vileo miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, nambari 4 ya 2010, ile ambayo watu waliipa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, John Mututho. Mwanzoni kazi ilifanywa na kamati za wilaya chini ya mkuu wa wilaya. Ugatuzi ulipokuja, Nairobi ilitunga sheria yake ya 2014, na sasa maombi hupitia kamati za kaunti ndogo.

Kwa hivyo chifu hatoi leseni. OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, hatoi leseni. Mzee wa mtaa hatoi leseni, hata kama ndiye aliyekuambia kwamba "hiyo baa iko sawa". NACADA nayo ni mamlaka ya kitaifa ya kupambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya; unaweza kuipelekea malalamiko, lakini faili ya baa ya mtaani kwako haikai kwake.

Niende ofisi ya kaunti ndogo ipi?

Hapa wengi hupoteza siku nzima. Nairobi ina kaunti ndogo 17 na wadi 85, na mipaka yake haifuati mazoea yetu ya kutaja mitaa. Mkazi wa Kilimani au Kileleshwa hukimbilia Westlands, kumbe wadi zote mbili ziko Dagoretti Kaskazini. South B iko Starehe, ilhali South C, ng'ambo tu, iko Lang'ata. Umoja iko Embakasi Magharibi. Pipeline iko Embakasi Kusini. Zimmerman iko Roysambu.

Hakikisha pia kwamba baa yenyewe iko Nairobi. Githurai 44 ni Nairobi, lakini ukivuka kwenda Githurai 45 umeingia Kiambu. Ruaka ni Kiambu, Rongai ni Kajiado, Mlolongo ni Machakos. Huko kuna bodi nyingine, kamati nyingine na sheria nyingine ya kaunti, na barua iliyoandikiwa Nairobi haitakusaidia hata kidogo.

Nianzie wapi kabla ya kuandika barua yoyote?

Anzia ukutani. Mwenye leseni anatakiwa kuitundika mahali pa wazi ndani ya eneo lake la biashara. Huhitaji kitambulisho cha kazi wala ruhusa ya mtu. Ingia, agiza soda, tazama nyuma ya kaunta.

Utakuta karatasi kadhaa kwenye fremu, na hapo ndipo macho yanahitajika. Kibali cha biashara si leseni ya pombe. Cheti cha zimamoto si leseni ya pombe. Cheti cha afya si leseni ya pombe. Na risiti ya malipo, hata ikiwa na nembo ya kaunti na muhuri wa rangi ya zambarau, inathibitisha jambo moja tu: kwamba mtu alilipa. Mtu anaweza kulipa na kamati ikamkatalia.

Ukiiona leseni yenyewe, soma mambo manne: jina la mwenye leseni, aina ya leseni, mahali pa biashara (jengo, barabara au nambari ya kiwanja), na tarehe ya mwisho. Leseni ya kawaida hudumu miezi 12. Andika nambari yake pembeni. Ombi lenye nambari ya leseni hujibiwa upesi kuliko lenye maelezo ya "ile baa ya bluu karibu na stage".

Aina ya leseni ina umuhimu gani? Si pombe ni pombe?

Ina umuhimu mkubwa kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi kosa liko hapo hapo. Sheria inatofautisha kiwanda, muuzaji wa jumla, baa ya rejareja ya kunywea papo hapo, duka la kununua na kwenda nazo, supamaketi, hoteli, mkahawa, klabu, na hata leseni ya muda kwa tukio moja.

Chukua maduka madogo yenye kibao cha "Wines & Spirits" ambayo yamejaa kila kona ya Eastlands. Mengi hupewa leseni ya kuuza chupa ikiwa imefungwa, mteja aondoke nayo. Sasa tazama nje ya duka: benchi mbili za mbao, kreti zimegeuzwa viti, glasi ndogo za plastiki zimepangwa dirishani kwenye wavu, na spika imening'inia juu ya mlango. Hiyo si duka tena, ni baa. Leseni yake huenda ni halali kabisa, ila si ya kazi inayofanyika pale. Malalamiko ya "hawana leseni" yatatupwa kwa sababu leseni ipo. Malalamiko ya "wana leseni ya kuuza na kuondoka, lakini wateja wananywea hapa kila jioni, picha hizi" ni kitu kingine.

Mkahawa nao huuza pombe pamoja na chakula. Ukiona jiko halijawashwa tangu Krismasi na meza zote zina chupa, umeelewa.

Saa za kuuza ni zipi?

Kwa baa ya kawaida ya kunywea papo hapo, sheria ya 2010 iliweka saa 11 jioni hadi saa 5 usiku Jumatatu mpaka Ijumaa, na saa 8 mchana hadi saa 5 usiku wikendi na sikukuu za umma. Hoteli, klabu na maduka yana ratiba tofauti, ndiyo maana aina ya leseni huja kwanza. Kabla hujapiga simu polisi saa 7 usiku, jua kama unalalamikia baa au klabu.

Je, rekodi hizi ni za umma kweli, au ni siri ya kaunti na mfanyabiashara?

Ni za umma. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ikaeleza jinsi ya kuzipata. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inazibana kaunti kwa haki hiyo hiyo.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui: hulazimiki kueleza kwa nini unaitaka habari. Karani akikuuliza "unataka kuifanyia nini?", mjibu kwa heshima kwamba sheria haikudai sababu. Na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Sheria inasema hivyo waziwazi. Mtu asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, ana haki ya kueleza ombi lake kwa mdomo na afisa akaliandika.

Niandike nini kwenye ombi?

Taja stakabadhi, usitaje hisia. "Naomba habari zote kuhusu baa zinazotusumbua" itazungushwa ofisi hadi ofisi. Omba karatasi zenye majina. Mfano:

Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari,
Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi.

MINTARAFU: OMBI LA HABARI CHINI YA KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA YA UPATIKANAJI WA HABARI YA 2016

Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa wadi ya (jaza). Naomba nakala za stakabadhi zifuatazo kuhusu biashara inayoitwa (jaza), iliyo barabara ya (jaza), mkabala na (jaza), kaunti ndogo ya (jaza):

Leseni ya vileo inayotumika sasa, pamoja na masharti yake yote. Fomu ya ombi la leseni hiyo. Tangazo lililobandikwa kabla ya kikao cha kamati, na tarehe na mahali lilipobandikwa. Ripoti ya ukaguzi ya afisa wa afya ya umma. Kumbukumbu za kikao ambapo ombi liliamuliwa. Malalamiko yaliyopokelewa kuhusu biashara hiyo tangu leseni ilipotolewa, na hatua zilizochukuliwa.

Ikiwa stakabadhi yoyote haipo, naomba nielezwe hivyo kwa maandishi.

Wako mwaminifu,
(jina, nambari ya simu, sahihi, tarehe)

Sentensi ile ya mwisho kabla ya sahihi ndiyo yenye meno. Kaunti ikikujibu kwa maandishi kwamba hakuna kumbukumbu za kikao, umepata ushahidi mzito kuliko kumbukumbu zenyewe.

Peleka nakala mbili. Moja iache, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na uondoke nayo. Ukituma kwa baruapepe, ihifadhi. Bila muhuri au baruapepe, siku za kungoja hazianzi kuhesabika popote.

Inachukua muda gani, na ni pesa ngapi?

Afisa anatakiwa kuamua mapema iwezekanavyo, na isizidi siku 21. Anaweza kuongeza muda mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, iwapo habari ni nyingi au inabidi ashauriane na wengine. Habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu hutolewa ndani ya saa 48. Ukipeleka ombi ofisi isiyohusika, wanatakiwa kulihamishia panapohusika ndani ya siku 5, si kukurudisha nyumbani.

Kuwasilisha ombi ni bure. Unaloweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa nakala. Yeyote anayekuomba "kitu kidogo cha kutafuta faili" anaomba hongo.

Siku 21 zimepita na sijasikia chochote. Sasa?

Kimya ni jibu. Sheria inachukulia kwamba ombi lisilojibiwa limekataliwa, na hiyo inakupa mlango wa kwenda mbele. Ndani ya siku 30 unaweza kuomba uamuzi huo uangaliwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kama Ombudsman. Ambatisha nakala yako yenye muhuri. Tume ina mamlaka ya kuagiza habari itolewe.

Maoni yangu: watu wengi hukata tamaa siku ya 22, na ofisi nyingi zinalijua hilo. Barua fupi ya kukumbusha, yenye nakala kwa Tume chini kabisa, huamsha faili ambazo zilikuwa "zimepotea".

Kuna sehemu wanazoweza kunificha?

Zipo, na nyingine ni za haki. Nambari ya kitambulisho cha mwenye baa, simu yake, picha yake ya pasipoti na anwani ya nyumbani ni habari binafsi; Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazilinda. Siri za kibiashara, kama hesabu zake za mapato, pia zinaweza kuzuiwa.

Lakini jina la mwenye leseni, mahali, aina, masharti na tarehe si siri. Vitu hivyo vinatundikwa ukutani kwa amri ya sheria, na hakuna hoja ya faragha inayoweza kuficha ofisini kilichotundikwa baani. Faili ikiwa na vyote viwili, dawa ni kufuta nambari za kitambulisho kwa wino mweusi na kutoa ukurasa uliobaki, si kuzuia faili nzima.

Si ningeweza tu kuangalia kwenye mtandao?

Kwingine, ndiyo. Uingereza, Sheria ya Leseni ya 2003 inalazimisha kila halmashauri, zikiwemo za London, kuweka rejista ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua bure saa za kazi, na halmashauri nyingi zimeiweka kwenye tovuti zao. Chicago imekwenda mbali zaidi: jiji huchapisha jedwali zima la leseni za pombe kwenye tovuti yake ya data, kila safu ikiwa na jina la biashara, anwani, wadi, aina ya leseni, tarehe ya kuisha, na kama leseni imetolewa, imefutwa au imenyang'anywa. Mkazi huchuja wadi yake akiwa kwenye basi.

Nairobi, tovuti ya malipo ya kaunti ni ya mlipaji anayeingia kwa akaunti yake mwenyewe. Kwa mkazi anayeuliza kuhusu biashara ya mtu mwingine, njia ya uhakika ni barua. Hakuna kinachozuia kaunti kuchapisha orodha yake kwa wadi; sheria ya 2016 hata inazitaka taasisi za umma zitoe habari muhimu bila kungoja kuombwa. Kikundi cha wakazi kinaweza kuliomba hilo kwa pamoja, au kupeleka malalamiko rasmi kwenye bunge la kaunti.

Tumesikia baa mpya inafunguliwa karibu na shule. Tutazuiaje?

Huu ndio wakati rekodi zina nguvu zaidi, kwa sababu leseni bado haijatolewa. Kabla ya kikao, kamati inatakiwa kutoa tangazo lenye majina ya waombaji, aina ya leseni, mahali pa biashara, na siku ya kikao. Tangazo hubandikwa kwenye ofisi za umma. Ndiyo, ubao ule ule wenye karatasi za mnada wa ng'ombe zilizopauka. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuupitia kila wiki na kuupiga picha.

Pingamizi huandikwa kwa katibu wa kamati, na mwombaji naye ajulishwe sababu zake angalau siku 7 kabla ya kusikizwa. Msipomjulisha, wakili wake ataanzia hapo.

Sababu bora ni umbali. Sheria ya 2010 inataka eneo jipya la pombe liwe angalau mita 300 kutoka shule ya chekechea, msingi, sekondari au taasisi nyingine ya watoto walio chini ya miaka 18. Pimeni. Chapisheni ramani ya setilaiti, chora mstari kutoka lango la shule hadi mlango wa baa, andikeni mita. Sababu ya pili ni wingi: kamati inatakiwa kujiuliza kama mtaa unahitaji mahali pengine pa pombe. Hesabuni baa zilizopo barabara hiyo na muziorodheshe kwa majina. Kamati hujadili orodha. Hotuba kuhusu maadili husikilizwa kwa adabu na kusahaulika.

Baa ina kila karatasi, lakini kelele hazituachi tulale. Rekodi zitanisaidia nini?

Leseni ya pombe haimpi mtu ruhusa ya kelele. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinaweka kiwango cha nje cha makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni hizo unaanza saa 2 na dakika moja. Penye makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, mchana hupanda hadi 55, lakini usiku unabaki 35. Desibeli 35 haiko mbali na mnong'ono. Baa yenye spika barazani haiwezi kuufikia utulivu huo kwa bahati.

Kwa hivyo peleka malalamiko mawili: moja kwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na kaunti kuhusu kelele, jingine kwa kamati ya leseni. La pili lina faida ya polepole. Leseni huhuishwa kila mwaka, na malalamiko yaliyogongwa muhuri wa kupokelewa mezani kwa kamati ni vigumu kuyapuuza siku ya kuihuisha. Wekeni daftari: tarehe, saa, aina ya kelele, nani alipiga simu, nani alijibu.

Si kaunti ilipiga marufuku klabu mitaani?

Novemba 2022 serikali ya kaunti ilitangaza kwamba haitatoa wala kuhuisha leseni za klabu za usiku katika maeneo ya makazi. Ndiyo maana ukiona klabu inavuma Kilimani leo, swali la kuuliza kwenye ombi ni aina ya leseni na tarehe iliyotolewa. Nyingine hujiita mkahawa kwenye karatasi.

Jina kwenye leseni ni la kampuni. Nitamjuaje mwenyewe?

Huduma ya Usajili wa Biashara, kupitia eCitizen, hutoa matokeo rasmi ya utafutaji wa kampuni, yale yanayoitwa CR12, yakionyesha wakurugenzi na wenye hisa. Hulipiwa. Lakini kwa malalamiko ya kawaida huhitaji kufika huko. Jina la kampuni na nambari ya leseni vinatosha.

Jirani anauza chang'aa nyumbani. Nitapata rekodi yake?

Hutapata, kwa sababu hana. Sheria ya 2010 iliifuta ile ya zamani iliyoharamisha chang'aa, lakini kwa masharti ya leseni na viwango vya ubora. Ya jikoni bila leseni ni suala la polisi na afya ya umma, si la faili.

Mimi si raia wa Kenya. Naweza kuomba?

Kifungu cha 35 kinamtaja raia. Mwombe jirani au chama cha wakazi, kama kinaongozwa na Wakenya, kiandike ombi.

Nataka kununua baa. Niangalie nini?

Muuzaji atakuonyesha fremu ukutani na kukuambia leseni "inakuja na baa". Usikubali. Leseni imetolewa kwa mtu fulani, mahali fulani, kwa biashara ya aina fulani. Kabla ya kulipa hata amana, nenda kwenye kamati na umpeleke muuzaji: uliza kama leseni bado ni hai, kama imewahi kusimamishwa, kuna malalamiko mangapi kwenye faili, na nini kinatakiwa ili jina libadilike. Linganisha nambari ya kiwanja kwenye leseni na ile ya mkataba wa upangaji. Baa zilizohama mlango mmoja bila kuarifu kamati si chache. Uliza mwenye jengo kama matumizi ya kiwanja yaliidhinishwa kuwa ya biashara au bado ni makazi. Muuzaji akisema kamati iko mbali, mlipie teksi.